Maswali ya Wasomaji: Kilo zilizopungua zikatwe kwa makuli?

SWALI: Msimu huu chama chetu cha msingi kimeanza kupima korosho kwa mizani ya dijitali na kuingiza uzito kwenye kishikwambi. Shehena ya magunia 300, kila moja kilo 80 bila uzito wa gunia lenyewe, ilikaa siku 12 ikisubiri lori. Ghala kuu wakapata kilo 23,400 badala ya 24,000. Tulipopokea, unyevu ulikuwa asilimia 12. Kule walisoma asilimia 10. Bodi inataka makuli wakatwe ujira kufidia kilo 600. Ni haki?
Karani, Tandahimba

JIBU: Si haki, ndugu karani, na daftari lako lenyewe linawatetea. Kilo 80 zenye unyevu wa asilimia 12 zina kilo 9.6 za maji na 70.4 za korosho kavu. Hizo 70.4 hazibadiliki. Unyevu ukishuka hadi asilimia 10, ndizo zinakuwa asilimia 90 ya mzigo: 70.4 gawanya kwa 0.9, unapata 78.2. Kila gunia limepoteza karibu kilo 1.8 bila kuguswa na mtu. Kwa magunia 300 ni kilo 533 hivi, zote maji.

Zimebaki kilo 67, kama gramu 220 kwa gunia. Hapo ndipo pa kukagua mizani. Iwe juu ya sakafu ngumu, na kiputo cha kipima usawa kilichomo kwenye mizani kikae katikati ya duara. Weka jiwe la kilo 20 katikati, kisha kwenye kila pembe. Namba zikitofautiana, simamisha upimaji na uwaite Wakala wa Vipimo. Magunia matupu nayo yapime kumi kwa pamoja, ugawanye kwa kumi, kwa sababu juti lililopigwa na umande ni zito kuliko kavu.

Kosa la kawaida zaidi ni haraka. Gunia likibwagwa, namba hupanda kabla ya kutulia, na kishikwambi hupokea chochote ulichoandika. Subiri itulie, mwenzako aisome kwa sauti, uandike pia daftarini kwa namba ileile ya stakabadhi. Jioni linganisha jumla. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, anza kutafuta tarakimu zilizogeuzwa, kama 78 iliyoandikwa 87.

Lakini kwa nini gunia linabwagwa? Kuli analipwa kwa gunia, na kilo 80 ni nyingi mno kwa mgongo mmoja. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linaweka kikomo cha kilo 55 kwa mwanamume mzima. Wanyanyue wawili, au gunia litoke kwenye mizani moja kwa moja hadi toroli, kisha kwenye chaga. Bodi itazame na hili: kama kikosi kilimaliza magunia 200 kwa siku na sasa, kwa kusubiri kishikwambi, kinamaliza 150, ujira wao umeshuka kwa robo bila kosa lao. Saa za kusubiri zilipwe, la sivyo watakukimbia msimu ukiwa umepamba moto.

Lori lijalo, pima unyevu tena siku ya kupakia, ukichota korosho juu, katikati na chini ya magunia kadhaa. Andika kipimo hicho kwenye hati ya mzigo, wewe na dereva mtie saini kabla lori halijaondoka.