Maswali na majibu: nani anamgusa nani ndani ya protini?

Tangu nieleze hapa jinsi mnyororo wa protini unavyojikunja, maswali yameingia kutoka Ujiji hadi Nzega, na mengi yanauliza jambo moja: asidi amino, yaani vipande vinavyounda mnyororo huo, zinagusana vipi, na sisi tunajuaje? Neno moja kwanza. Asidi amino ikishafungwa kwenye mnyororo huwa imepoteza kidogo, molekuli moja ya maji hutoka kila zinapoungana mbili. Kile kinachobaki nitakiita pingili, kama pingili ya muwa.

Shikamoo mwalimu. Tukisema pingili mbili zimegusana, zinagusana kweli kama mikono? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Kasulu)

Marahaba. Atomi haina ngozi, kwa hiyo hakuna mstari wa kusema hapa zimegusana na hapa bado. Tunachofanya ni kupima umbali, kisha kuweka mpaka. Kipimo chetu ni angstromu, na angstromu 10 ni nanomita moja.

Wengine hutazama atomi zote isipokuwa haidrojeni: atomi yoyote ya pingili hii ikiwa ndani ya angstromu 4.5 au 5 kutoka atomi yoyote ya pingili ile, wanahesabu mgusano. Wengine hupima kutoka kaboni beta hadi kaboni beta, yaani kaboni ya kwanza ya tawi la pembeni, na mpaka wao ni angstromu 8. Hicho ndicho kipimo kilichozoeleka kwenye CASP, mashindano ya kubashiri maumbo ya protini yaliyoanza mwaka 1994. Asidi amino iitwayo glisini haina kaboni beta, hivyo kwake hutumika kaboni alfa, ile ya kwenye mnyororo ambako tawi la pembeni huota.

Njia hizi mbili hazitoi orodha moja. Ndiyo maana nasisitiza kwa kila mwanafunzi wangu: andika umepima nini na mpaka wako ni upi. Kusema tu "nimepata migusano 212" ni kama kutaja bei ya mawese bila kusema ni ya lita au ya dumu.

Pingili zote zimeunganishwa kwenye mnyororo. Si lazima kila moja imguse jirani yake? Sasa tunahesabu nini? (Fundi wa kompyuta, Tabora mjini)

Umegusa penyewe. Majirani wa mnyororo hukaa angstromu 3.8 hivi, kaboni alfa hadi kaboni alfa, katika karibu kila protini. Hao hawatupi habari. Hata kwenye helisi ya alfa, yaani pale mnyororo unapojisokota kama springi na mzunguko mmoja una pingili 3.6, tunajua mapema kwamba pingili ya 10 itakaribiana na ya 14.

Habari iko kwa walio mbali kwenye mnyororo lakini karibu mahali walipo. Fikiria kamba ndefu ya wavu iliyokunjwa ndani ya mtumbwi: fundo la mwanzo linaweza kulalia fundo la mwisho. CASP huita mgusano wa mbali pale pingili zinapopishana namba 24 au zaidi, na hizo ndizo zinazoonyesha mkunjo mzima ulivyo. Ukichora jedwali la mraba, namba za pingili juu na pembeni, ukaweka nukta nyeusi penye mgusano, helisi zitajionyesha kama ukanda mnene kando ya ulalo wa katikati. Nyuzi za beta, yaani vipande vya mnyororo vilivyonyooka na kulala ubavu kwa ubavu, zikielekea upande mmoja zitachora mistari inayofuata ulalo huo, na zikielekea pande zinazopingana zitachora mistari inayoukata.

Maziwa yakichacha yanaganda. Na hiyo ni migusano? (Mfugaji, Nzega)

Ndiyo. Kaseini, protini kuu ya maziwa, huelea kwenye vifurushi vyenye chaji hasi, na vifurushi hivyo vinasukumana. Bakteria wakitengeneza asidi ya laktiki, chaji hizo hupungua. Pi-echi, kipimo cha uchachu, ikifika karibu 4.6 hakuna tena cha kuvitenganisha, vinashikana, na wewe unapata mgando.

Mwanangu ana selimundu. Nesi alinieleza kwamba ni herufi moja tu imebadilika. Herufi moja inamtesaje mtoto hivi? (Mama, Mwanga, Kigoma)

Pole sana mama, na pole kwa mtoto. Jibu lako litakuwa refu kuliko mengine, kwa sababu linastahili.

Hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu, ina minyororo minne: miwili ya alfa yenye pingili 141, na miwili ya beta yenye pingili 146. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya mgonjwa ina chaji tofauti na ya mtu asiye na ugonjwa. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akaipata tofauti yenyewe. Kwenye pingili ya 6 ya mnyororo wa beta, palipotakiwa kuwa na asidi glutamiki pana valini.

Asidi glutamiki ina chaji na inapenda maji, na mahali hapo ni nje kabisa ya molekuli, majini. Valini haipatani na maji. Umewahi kudondosha mawese kwenye sufuria ya maji ukaona matone yanavyokutana na kuwa tone moja? Maji ndiyo yanayoyasukuma pamoja. Valini iliyoachwa nje nayo husukumwa hivyo hivyo itafute pa kujificha.

Pa kujificha hupatikana hemoglobini inapoachia oksijeni. Umbo lake hubadilika, na kwenye mnyororo wa beta hujitokeza kishimo chenye fenilalanini ya 85 na lusini ya 88, zote zikiwa hazipendi maji. Valini ya molekuli moja huingia kwenye kishimo cha molekuli nyingine. Ya pili hushika ya tatu, na mwisho hutokea uzi mgumu wenye safu 14 za molekuli, unaonyoosha seli nyekundu mpaka ikawa kama mundu.

Hapo ndipo ninapotaka wanafunzi wasimame. Ndani ya molekuli yenyewe karibu hakuna kilichobadilika. Atakayepima migusano ya molekuli moja peke yake ataona hemoglobini nzima kabisa. Mateso yote yako kwenye mgusano na jirani.

Huenda uliona pia kwamba miezi ya mwanzo mtoto alikuwa na nafuu. Kichanga huzaliwa na hemoglobini nyingi yenye mnyororo wa gama badala ya beta. Kwenye gama, pingili ya 87, iliyo katikati ya zile mbili za kishimo, ni glutamini badala ya threonini, na hilo huharibu mshikano. Dawa ya haidroksiyurea husaidia kwa sehemu kubwa kwa kuongeza hemoglobini hiyo ya utotoni. Kama inamfaa mwanao, daktari wa kliniki yake ndiye wa kuamua nawe.

Nimekuta migusano kati ya molekuli mbili kwenye faili la fuwele. Niiamini? (Mwanafunzi wa chuo, yuko likizo Uvinza)

Usiiamini upesi. Faili hilo huorodhesha mahali pa atomi, zilizopimwa protini ikiwa imepangika kuwa fuwele. Magunia ya dagaa yakipakiwa kwenye lori hugusana kila upande, na hakuna gunia linalomhitaji mwenzake. Molekuli nazo hupangwa hivyo ndani ya fuwele. Angalia kama mgusano ni mpana, kama unajirudia kwenye fuwele za aina nyingine, na kama pingili zake hazibadilikibadiliki kwa viumbe jamaa.

Lakini usiitupe yote pia. Kwenye fuwele za hemoglobini ya selimundu, upangaji wa fuwele ndio uliofichua jinsi valini inavyoingia kishimoni. Wakati mwingine jirani wa kwenye lori ndiye jirani wa kweli.

Ukitumia maumbo yaliyobashiriwa na programu ya AlphaFold, tazama alama za uhakika za kila pingili, kuanzia 0 hadi 100. Zikiwa chini ya 50, migusano ya hapo usiitegemee.

Nina laptopu ya kawaida tu. Itatosha? (Kijana, Urambo)

Inatosha, tena inabaki. Kila atomi kwenye faili ina namba tatu za mahali ilipo. Toa namba za moja kwenye za nyingine, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Tofauti zikiwa 3, 4 na 0, umbali ni 5. Mnyororo wa beta wenye pingili 146 una jozi 10,585, na laptopu yako itazimaliza kabla hujanywa funda la chai.

Pakua faili 2HBS kutoka Benki ya Data ya Protini, ambayo ipo tangu 1971 na ni bure. Iambie programu itengeneze na molekuli jirani za fuwele, kisha iorodheshe pingili zilizo karibu na valini ya 6 kwenye kila mnyororo wa beta. Kwenye faili nyingine inaweza kuandikwa ya 7, kwa sababu wengine huhesabu methionini, pingili ya mwanzo inayokatwa baadaye. Kila hemoglobini ina valini mbili za aina hiyo, na moja tu ndiyo huingia kishimoni. Ukiona 85 na 88 zimejitokeza kando ya mojawapo, programu yako inafanya kazi.