Rimoti ya gari ikiishiwa betri

Ndugu yangu, umeuliza ufanye nini ikiwa gari lako linalowashwa kwa kitufe limekataa kufunguka pale Birere, betri ya rimoti ikiwa imekwisha. Ndani ya rimoti nyingi za aina hiyo mmefichwa ufunguo mdogo wa chuma: uchomoe, fungua mlango wa dereva, kisha gusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia huku ukikanyaga breki. Kengele ikilia, usishtuke.

Baadaye fungua rimoti taratibu kwa bisibisi bapa, usome namba iliyochapwa kwenye betri ya zamani, mara nyingi CR2032 ya volti 3, na ununue yenye namba hiyohiyo, kwa kuwa CR2025, ambayo muuzaji anaweza kukushawishi kuichukua, ina upana uleule lakini ni nyembamba zaidi, hivyo hulegea.