Kuomba Harvard au MIT ukiwa shule ya kata

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa kidato cha sita wa Moshi Vijijini, ambaye shule yake haina klabu wala maabara ya kueleweka, anajisumbua bure kuomba Harvard au MIT, vyuo vikuu vya Marekani. Omba, kwani wanaosoma maombi humpima mtu kwa kuangalia shule yake ilikuwa na nini, nao hulijua hilo kupitia maelezo ya shule yanayotumwa pamoja na barua ya mwalimu. Hapo ndipo wengi hukwama: mwalimu huandika "ana nidhamu na bidii", maneno yasiyomtofautisha mtu na mwenzake, ilhali angeweza kueleza kwamba jioni, ukishakata majani ya ng'ombe, unawafundisha hesabu vijana wa kidato cha pili. Kaa naye mapema umkumbushe, na kazi za kihambani, yaani shamba la nyumbani, uziandike mwenyewe kwenye fomu bila aibu. Ada isikutishe, kwa kuwa vyuo hivyo havimkatai mwombaji wa kigeni kwa kukosa fedha, na akichaguliwa humfidia pungufu lote la familia. Vyote viwili vimerudisha sharti la mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, SAT au ACT, na maombi ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo jisajili kwa mtihani huo mapema.