Kapona TB, mbona bado anatweta?

Swali: Baba yetu ana miaka 58. Amemaliza dozi ya TB, makohozi yamepimwa, tumeambiwa kapona. Lakini akipanda kutoka bondeni anatweta mpaka anakaa chini, na kila asubuhi anakohoa makohozi mazito. Majirani wanasema apumzike tu nyumbani. Ni sawa? – Msomaji, Newala

Jibu: Hapana, asikae tu. Dawa zimeua vimelea, makovu hazikuyafuta. Penye kovu pafu halitanuki vizuri, na baadhi ya njia za hewa hubaki zimepanuka na kulegea, makohozi yakatuama humo. Akikaa miezi bila kutembea, mapaja nayo yanasinyaa, na msuli dhaifu hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile. Kovu haliondoki, msuli unarudi. Kule Uganda, watu wenye makovu ya TB walifanyishwa mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 6, na utafiti huo uliochapishwa 2017 ulionyesha walitembea mbali zaidi kuliko mwanzo.

Akiwa na homa, jasho la usiku, anakonda au anatema damu, arudi kituoni apimwe kwanza. Damu ikionekana, asifanye zoezi lifuatalo la kutoa makohozi.

Akae wima, mabega yamelegea, kiganja chini ya mbavu. Apumue kawaida mara nne. Avute hewa taratibu kwa pua mara tatu, kila mara aizuie sekunde 3, kisha aiachie itoke yenyewe. Apumue kawaida tena. Sasa avute hewa ya wastani, aache mdomo na koo wazi, aisukume nje kwa tumbo kama anayetia ukungu kwenye kioo. Makohozi yakisikika yamepanda, avute hewa nyingi, asukume kwa mkupuo mfupi, akohoe mara moja, ateme kwenye kopo lenye kifuniko. Arudie dakika 10 hadi 15, asubuhi na jioni. Mizunguko miwili ikipita mikavu, inatosha.

Wengi huharibu kwa kukohoa mfululizo: njia zilizolegea hujibana, makohozi hukwama, mtu huchoka bure. Akivuta hewa nyingi harakaharaka atapata kizunguzungu. Apumue kawaida kwanza.

Kuhusu kutembea, pimeni mita 30 za tambarare, atembee huku na huko dakika 6, andikeni jumla ya mita. Mpimeni tena baada ya wiki 6. Kila siku aanze na dakika 10, kwa mwendo unaomfanya aheme lakini bado anaweza kusema sentensi nzima. Aongeze kusimama na kuketi kwenye kiti mara 10, bila kushika. Mlimani: avute hewa hatua mbili, aitoe hatua nne kwa midomo iliyobanwa. Akizidiwa, ainame mbele, mikono iegemee mapajani. Mikorosho inapopuliziwa salfa, akae mbali kabisa na shamba.

Swali: Mama kapata kiharusi. Bega la upande uliopooza linamuuma tangu tuanze kumnyanyua. – Msomaji, Lindi

Jibu: Bila shaka mnamvuta mkono, acheni leo hii. Bega hushikiliwa zaidi na misuli, ikipooza mfupa wa mkono huteremka kutoka mahali pake, na kila mkimvuta mnauteremsha zaidi. Mkimwinua kutoka kwenye kiti, visigino vyake virudi nyuma ya magoti, ainame mbele, ninyi mumshike kiunoni. Akiketi, mkono ulale juu ya mto. Hospitali ya Sokoine ulizieni fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, wawaonyeshe kwa vitendo.