Mhusika Anayebeba Mashine Nzima

Vijana wanaochora wahusika wa gemu huniletea kazi zao kwenye kibanda changu cha gemu hapa Kondele, Kisumu. Karibu wote huanza na hadithi: shujaa alizaliwa wapi, wazazi wake waliuawa na nani, kisasi atalipa vipi. Mimi huwauliza jambo moja. Nikishika padi, kile kifaa cha vitufe cha kuchezea, huyu mtu anafanya nini? Maana mhusika akiwa mzuri, anaweza kuwa sura ya mashine nzima ya gemu.

Mtazame Mario, sura ya kampuni ya Nintendo. Alipotokea mwaka 1981 katika gemu ya Donkey Kong aliitwa Jumpman, na mbunifu wake, Shigeru Miyamoto, alikuwa na vitone vichache mno vya skrini vya kumchorea. Mdomo usingeonekana, kwa hiyo akampa masharubu. Nywele zilikuwa taabu, akamvika kofia. Ovaroli ikafanya mikono ionekane anapokimbia. Mwanzoni alikuwa seremala, baadaye akageuzwa fundi bomba, na wachezaji hawakujali hata kidogo. Walichotaka ni ile ruka yake, ambayo kidole gumba hujifunza kabla hujasoma maelezo yoyote.

Sega, washindani wa Nintendo, walikuwa na mhusika Alex Kidd kabla ya mwaka 1991, ila hakuwa na kitu ambacho mashine yao pekee ingekionyesha. Sonic, kalunguyeye waliyemtoa mwaka huo, alikuwa nacho: mbio. Rangi yake ya buluu ilitoka kwenye nembo ya kampuni, na mwendo wake ulitangaza mashine yao ya Mega Drive kuliko bango lolote. Ninachokipenda zaidi ni kidogo sana: ukiacha kubonyeza, anakukodolea macho na kugongagonga mguu chini. Tabia yake nzima unaipata hapo, bila neno. Mlinganishe na Bubsy wa mwaka 1993, yule paka mwenye maneno kama mtumba wa soko la Kibuye Jumapili. Watu walichoka kumsikiliza mapema.

Jaribio langu ni la ukuta. Mwambie mchoraji wa mabango amchore mhusika wako kwa rangi moja tu, kivuli kitupu, halafu usimame ng'ambo ya barabara. Watoto wa hapa wasiowahi kushika mashine ya Nintendo humtambua Mario kwenye begi la shule. Wako akigeuka kuwa kijana yeyote mwenye upanga, rudi mezani.

Hata hivyo usidhani kampuni ndiyo huamua nani atakuwa sura ya mashine yake. Microsoft walimtoa Blinx, paka wa kupendeza, mwaka 2002, lakini wenye Xbox, mashine yao, walikuwa tayari wameshamchukua Master Chief wa gemu ya Halo, askari ambaye hata uso hatumwoni. Sony nao wamefika kwa Astro, roboti mdogo aliyekuja bure ndani ya mashine yao ya PlayStation 5 mwaka 2020. Kazi yake ilikuwa kukufanya uhisi padi mpya ikitetemeka mikononi. Hapo wamenielewa, ingawa hawakuniuliza.

Sasa jambo ambalo wachoraji wetu hulipuuza. Mwaka 1996 Crash Bandicoot alikuwa sura ya PlayStation katika matangazo, kumbe Sony hawakuwa wenye haki zake, na miaka michache baadaye alikuwa akirukaruka kwenye Xbox na kwenye GameCube ya Nintendo. Kwa hiyo kabla hujampelekea mtu michoro yako Nairobi, au kuitupa mtandaoni, isajili kwa KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Na kwenye mkataba wowote, tafuta kwanza mstari unaosema mhusika atabaki kuwa wa nani.