Usiombe kujifunza, omba kazi

Wiki hii dada mmoja kaniandikia. Amemaliza kozi ya uchomeleaji, cheti anacho, na kila karakana anayoingia jibu ni lilelile: "Karibu, njoo tu ujifunze, ila hela hakuna." Anauliza, "Kaka, wewe ulifanyaje mpaka ukalipwa ukiwa bado mwanagenzi?"

Nilitaka kumjibu kwa ujumbe mfupi, nikajikuta naandika barua. Swali hili linanigusa pabaya, na najua anayeliuliza hayuko peke yake. Basi jibu naliweka hapa, mlisome wote mnaotaka kuwa mafundi wa maana, ninyi ambao tayari mnaiona karakana yenu kichwani na jina lenu limeandikwa juu ya mlango.

Mimi nilianzia kwa fundi ambaye sitamtaja. Anajijua. Aliniambia nitajifunza kwake mpaka mkono ukae sawa, halafu habari ya hela tutaiongea. Mwanzoni nilifagia na kubeba vyuma, na hilo halina neno, kila fundi amepita kwenye ufagio. Lakini haukupita muda nikawa nakata, nasaga kwa grenda, nashikiza fremu, na mwisho nachomelea kabisa madirisha na mageti yanayotoka pale kwenda kwa wateja. Wateja wanalipa bei kamili. Sikuona hata mmoja aliyepunguziwa kwa kuwa geti lake limechomelewa na mwanagenzi. Jioni nikiuliza angalau nauli, naambiwa, "Wewe si bado unajifunza?" Wakati wa kazi nilikuwa fundi, wakati wa malipo nikawa mwanafunzi.

Nilikaa, kwa sababu yule mzee alikuwa fundi kweli. Alinifundisha vitu ambavyo chuoni havikuguswa, na hilo nalisema kwa moyo mweupe. Kinyongo changu ni cha hesabu tu. Kuna siku mteja alikuja kusifia geti nililolichomelea mimi mwanzo hadi mwisho. Mzee akapokea sifa, akapokea na bahasha, akaniambia nikamletee mteja kiti. Nikajua kwamba hapa hata nikiota mvi nitaitwa mwanafunzi.

Nikaaga. Kipindi kilichofuata nakiruka, kilikuwa cha kutembea juani na kuambiwa njoo kesho.

Ila katika kutembea huko nilianza kuwatazama mafundi kwa jicho la biashara. Ukiingia kwa mtu ukasema "naomba kujifunza", yeye kichwani anaona hasara: vijiti vya kuchomelea vitaungua bure, diski za grenda zitavunjika, muda wake utaliwa, na ukishaiva utahamia kwa jirani. Kwa hesabu hiyo hata mimi nisingekulipa. Sasa igeuze. Fundi wa kuchomelea anapata hela pale moto unapowaka kwenye kijiti. Muda mwingine wote, wa kupima, kukata, kuondoa kutu, kupanga fremu iwe na pembe sawa, kugonga slagi (ule ukoko unaoganda juu ya kiungo), kusaga, kupaka rangi ya kuzuia kutu, ni muda ambao mkono wake wa ghali unafanya kazi ya bei rahisi. Katika karakana nyingi muda huo ni mrefu kuliko ule wa moto. Akipata mtu wa kumwondolea mzigo huo, anatoa mageti mengi zaidi kwa wiki ileile. Hapo ndipo mshahara wako unapotoka. Haupewi kwa huruma, unakatwa kutoka kwenye kile ulichomwongezea.

Kwa hiyo nikaacha kwenda kwenye karakana zilizotulia. Karakana iliyotulia fundi wake atakukaribisha vizuri, atakupa na kiti, lakini hana cha kukulipa. Nilitafuta zile ambazo wateja wanagombana mlangoni, fremu zimerundikwa nje hazijasafishwa na fundi anapokea simu huku kinyago kiko kichwani. Na njia ya kuzijua ni rahisi mno, sijui kwa nini watu hawaitumii: waulize wauzaji wa vifaa. Anayeuza vijiti na diski anajua nani ananunua pakiti mojamoja na nani anachukua katoni. Anajua nani analipa madeni yake na nani anamkimbia. Fundi anayemkimbia muuza diski, wewe atakulipa?

Muuzaji mmoja akanielekeza kwa mzee fulani. Nikafika asubuhi kabla hajafungua. Sikusema naomba kujifunza. Nilisema, "Shikamoo mzee. Naona kazi zimekuzidi. Naweza kukata, kusafisha na kuandaa viungo, na mkao wa kulala, chuma kikiwa kimelazwa, nachomelea vizuri. Nijaribu leo. Jioni ukiona sifai, tuagane bila deni. Ukiona nafaa, tuongee malipo leoleo." Akanitazama kuanzia viatu. Nilikuwa nimevaa buti za ngozi na suruali ya pamba nzito, maana mtu anayekuja kuchomelea na nguo za nailoni amekwisha kujieleza kabla hajafungua mdomo. Cheche ikidondokea nailoni inayeyuka na kugandia mwilini.

Akanipa vibao viwili vya chuma, unene wa milimita 6, akasema niviunganishe. Wengi wakipewa jaribio hili wanakimbilia mashine. Mimi nilichukua grenda kwanza nikatoa kutu na ganda jeusi mpaka chuma kikang'aa, nikachonga kingo mshazari ili moto uingie mpaka chini. Halafu nikachukua kijiti cha milimita 2.5, nikakigonga ganda lake likabanduka lote, nikaukunja ule waya mtupu katikati na kuuweka baina ya vibao. Hiyo ndiyo njia ya kufanya mwanya uwe sawa mwanzo hadi mwisho. Nikashikiza ncha zote mbili, nikauchomoa waya, ndipo nikaanza kuchomelea. Nilipomaliza mkondo wa kwanza niligonga slagi yote na kupiga brashi kabla ya kupandisha wa pili, kwa sababu slagi ikifunikwa humo ndani, kiungo kinapendeza nje na kuoza ndani.

Mzee akakibana kibao kwenye jiliwa, akakipiga nyundo mpaka kikapinda. Kiungo hakikupasuka. Hakusema kitu kuhusu kiungo. Aliuliza, "Ule ujanja wa waya umefundishwa na nani?" Nikamjibu, "Na mtu ambaye hakunilipa." Akacheka mpaka akakohoa.

Akaniuliza tena swali dogo, nami nalitoa hapa bure: tarakimu za kwenye kijiti maana yake nini? Ukisoma 7018, zile 70 ni nguvu ya kiungo, pauni 70,000 kwa kila inchi ya mraba. Ile 1 inasema kijiti kinatumika mikao yote, na 8 ya mwisho inaeleza aina ya ganda na umeme unaofaa. Akataka kujua kwa nini 7018 hakiachwi wazi kama 6013 za kila siku. Jibu ni unyevu: ganda likinyonya maji, haidrojeni inaingia kwenye kiungo, na kinaweza kupasuka baadaye kimeshapoa na mteja ameshaondoka. Vijana wanaovunja katoni nzima za vijiti bila kujua tarakimu zake ni wengi. Usiwe mmoja wao. Mambo ya bure kabisa kuyajua, wewe unayaacha, halafu unalalamika hulipwi!

Jioni tukaongea. Na hapa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapojiuza. Usiulize tu "utanipa ngapi?" Uliza itapandaje. Mimi na yule mzee tulikubaliana kiasi cha kuanzia kwa siku, nauli juu yake, na kwamba siku nitakapoweza kuchomelea mkao wa kupanda, yaani chuma kimesimama na moto unatoka chini kwenda juu, bila yeye kurudia, kinapanda. Nikiweza kusoma mchoro na kukata mwenyewe bila kupoteza chuma, kinapanda tena. Tukaandika kwenye karatasi ya daftari. Aliona ni mzaha, lakini akasaini. Baadaye mkao wa kupanda ulipokaa mkononi na yeye akajifanya amesahau, nilimwonyesha ile karatasi. Hakubisha. Akasema tu kwamba mimi ni mwanasheria aliyepotea njia.

Wala sikubuni jambo jipya. Marekani, ambako uanagenzi uliosajiliwa una sheria yake tangu 1937, mwanagenzi huanza kwa sehemu ya mshahara wa fundi kamili na kupandishwa kadiri anavyoiva. Ujerumani sheria inataka malipo ya mwanagenzi yapande angalau kila mwaka, na tangu 2020 sheria imeweka kima cha chini cha malipo hayo. Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani nalo lilipitisha Pendekezo namba 208 kuhusu uanagenzi bora: makubaliano ya maandishi, ujira unaostahili, ulinzi wa afya na usalama kazini. Kwa hiyo mtu akikwambia kudai karatasi na malipo ni utovu wa adabu, mjibu kwa heshima, lakini usimwamini.

Kuna mafundi wazee watakaosema, "Sisi tulijifunza bure na hatukufa." Mnisamehe wazee wangu, hilo nalo si kweli sana. Uingereza ya 1563 sheria ilidai uanagenzi wa miaka 7, mirefu kweli, lakini kijana alilala nyumbani kwa fundi, alikula mezani kwake na kuvishwa naye. Hayo nayo ni malipo. Kilichokuja kuwa kipya ni kijana anayejilisha, anayejilipia nauli, anayenunua glavu zake, na bado anaambiwa ashukuru.

Glavu, ndiyo. Hili nalo lipime kabla ya kukubali kazi yoyote. Karakana isiyo na kinyago cha akiba kwa msaidizi haitakuwa na hela ya msaidizi. Mwanga wa kuchomelea unaunguza macho, na maumivu hayaji palepale. Yanakuja saa kadhaa baadaye, usiku umelala, unahisi macho yamejaa mchanga. Vivyo hivyo mabati na mabomba yaliyopakwa zinki: ukivuta ule moshi mweupe ndani ya chumba kilichofungwa, jioni unatetemeka kwa homa ukidhani ni malaria. Fundi akikuambia hayo ndiyo kukomaa, chukua begi lako. Nimewaona waliokomaa hivyo, na macho yao.

Kwa dada yangu aliyeandika, nina neno la ziada. Utaambiwa kazi ni nzito kwa mwanamke. Meli za Marekani za wakati wa Vita Kuu ya Pili zilichomelewa na wanawake kwa maelfu, na bahari haikuuliza nani alishika kijiti. Lakini usibishane kwa mdomo mlangoni. Omba vibao viwili na grenda. Kiungo chako kikipinda bila kupasuka, mjadala umekwisha. Na kama hata baada ya hapo hataki, basi hakuwa anatafuta fundi, alikuwa anatafuta mtu wa kufanana naye.

Vijana wengine mtaniambia kwenu hakuna kazi. Sawa. Lakini umewauliza wauzaji wa vifaa? Umekwenda kwenye viwanda ambavyo vina idara ya matengenezo, ambako mashine zinaharibika usiku na mchana na mafundi wao wanakaribia kustaafu? Umewafuata wakandarasi wa mapaa ya chuma, ambao kazi ikiingia wanahitaji watu kumi kwa mpigo? Au umekaa na simu unangoja tangazo? Karakana ndogo haiandiki tangazo. Fundi mwenyewe hajui anahitaji mtu mpaka mtu asimame mbele yake na buti za ngozi mguuni, anasema anaweza kukata na kusafisha. Nenda asubuhi. Nenda umevaa kazi. Sema unachoweza, usiongeze chumvi, maana kibao kitakuumbua. Na usikubali jaribio la mwezi mzima. Siku moja inatosha kumwonyesha fundi mkono wako, na kama kazi uliyofanya siku hiyo imeuzwa, hata siku hiyo ina bei.

Karatasi yenyewe isiwatishe, haihitaji wakili. Andika majina yenu, tarehe ya kuanza, kazi utakazofanya, malipo ya kuanzia na lini yanatolewa, nini kikitokea yanapanda, nani ananunua glavu na kinyago, na ukiumia kazini nani anagharamia matibabu. Hicho cha mwisho mafundi wengi watataka kukiruka. Usikiruke. Sainini nakala mbili, kila mtu abaki na yake, na uipige picha siku hiyohiyo, maana karatasi za karakana zina tabia ya kuliwa na grisi.