Kabla ya injini ya hiyo MGB, angalia vizingiti

Mkuu, usitume hata senti ya kishika uchumba. MGB ya wazi ya 1972, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, rangi mpya inang'aa, muuzaji anakuharakisha, fundi kakwambia "injini iko safi, kutu ni ya juu juu tu", halafu wewe unauliza kabureta, oili na bima? Injini ni kitu cha mwisho kuangalia kwenye gari hilo.

MGB haina chasisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na kwa kuwa gari la wazi halina paa la kusaidia, mzigo mkubwa unabebwa na vizingiti viwili, yale maboksi ya bati yanayopita chini ya milango. Kila boksi lina bati la nje, bati la ndani, bati la kati lililosimama wima, na chini kabisa mkanda wenye meno unaoshikana na sakafu. Tope linalorushwa na gurudumu la mbele hujaa nyuma ya madigadi, yale mabati ya bodi yanayofunika magurudumu, juu ya ncha ya kizingiti, likabaki na unyevu. Kutu inaanza ndani kuja nje. Ukiona rangi imevimba kidogo kwa nje, bati la kati linaweza kuwa limeshakwisha.

Wanaoniudhi hasa ni wale mafundi wa bodi wanaochukua bati jipya la nje na kulichomelea juu ya lililooza, wakapaka puti ya kuficha mashimo, wakapiga rangi, wakaita hiyo "restoresheni", yaani kurudisha gari la zamani katika hali yake. Huo ni wizi. Kizingiti halisi hakiishii mlangoni. Ncha yake ya mbele inaingia chini ya digadi la mbele, na ncha yake ya nyuma inaingia chini ya digadi la nyuma. Kukibadilisha kihalali lazima sehemu za chini za madigadi zikatwe au zifunguliwe. Aliyeishia kwenye kingo za mlango amefunika tu, na kutu inaendelea kula ndani.

Nenda na sumaku ndogo uliyoizungushia kitambaa chepesi, tochi na rula. Pitisha sumaku chini ya mlango wote, halafu sentimita 10 za chini za kila digadi. Ikilegea au ikidondoka, hapo kuna puti nene. Tafuta mstari wa kiungo kati ya digadi la mbele na kizingiti. Ukiona pamelainishwa kama yai, uliza kwa nini. Ingia uvunguni utafute ule mkanda wenye meno. Usipouona, au ukiona bati tambarare limepita juu yake, umeshapata jibu lako.

Kisha pima mwanya wa nyuma ya mlango, juu na chini, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Nyanyua mbele kwa jeki katikati ya kiunzi kinachobeba saspensheni, weka stendi, pima tena, fungua na ufunge mlango. Mwanya wa juu ukijibana waziwazi au mlango ukikwama, bodi inakunjika katikati. Kwenye GT, ile yenye paa iliyotoka 1965, kipimo hiki hakiaminiki sana kwa sababu paa linaficha udhaifu.

Na usidanganywe kwamba "utarekebisha polepole". Kazi hiyo inataka gari likae sawa kabisa, fremu ya mlango ifungwe chuma cha kuizuia isisogee kabla ya kukata chochote, upande mmoja umalizike ndipo uanze wa pili, na mlango urudishwe mara kwa mara kupima mianya. Chomelea vipande vifupi kwa kurukaruka, maana moto mwingi sehemu moja unapinda bati. Gari likichomelewa likiwa limebonyea, litabaki hivyo, na milango haitakaa tena. Ukimaliza rangi, ingiza nta ya kuzuia kutu ndani ya maboksi na uache matundu ya kutolea maji wazi. Gharama ya pande zote mbili inaweza kuzidi tofauti ya bei kati ya hilo gari na lililo zima.

Injini yenyewe ni ya cc 1,798 na vipuri vyake vinapatikana kirahisi. Ikishapata moto, presha ya oili kwenye geji iwe angalau psi 50 (psi ni kipimo cha presha) barabarani, na 10 hadi 25 ikinguruma taratibu. Kabureta zake mbili, za aina ya SU, husawazishwa na fundi anayezijua, hilo si la kukunyima usingizi. Hata bodi mpya tupu za MGB, kampuni ya Uingereza ya British Motor Heritage ilianza kuzitengeneza 1988, ndiyo ujue watu wengi walivyofika mwisho na hivi vizingiti.

Kwa hiyo mwambie muuzaji unataka gari linyanyuliwe kabla ya malipo yoyote. Akikataa, ondoka. Akikubali, piga picha uvunguni pande zote mbili, nyuma ya gurudumu la mbele, na mwanya wa mlango kabla na baada ya jeki, uzilete hapa tuzione.